Mwembamba, halafu LDL 5.8!

Mdogo wangu ni mwembamba hadi mashati ya kazini yanampwaya, chipsi hagusi, asubuhi anakimbia. Majibu ya damu yakatoka: LDL, ile kolesteroli mbaya, 5.8 mmol/L. Mama akacheka, akasema mashine mbovu. Kipimo kikarudiwa, yaleyale.

Daktari akauliza: kwenu kuna aliyepata mshtuko wa moyo mapema? Tukatazamana. Baba mkubwa alianguka shambani hata miaka 50 hajafika, na pale msibani kila mtu alikuwa na mchawi wake wa kumtaja.

Kumbe ini ndilo linalozoa LDL kwenye damu, kwa vipokezi vyake, yaani vishikio vya kuinasa. Wanasayansi Brown na Goldstein wa Marekani walivigundua, wakapewa Nobel mwaka 1985. Sasa kuna familia zinarithi vipokezi vichache au vibovu. LDL inabaki inazunguka tangu utotoni, inapenya kwenye kuta za mishipa ya moyo na kujijenga humo taratibu kama utando. Huumwi popote. Siku utando huo ukipasuka, damu inaganda juu yake na mshipa unaziba. Ndiyo maana LDL ikifika 4.9 kwenda juu, madaktari huanza kushuku urithi.

Dogo kaanzishiwa statini, dawa ya kushusha kolesteroli. Mama mdogo kaleta kitunguu saumu na ndimu. Sawa, anywe akipenda, ila kidonge hakiachwi. Na kwa kuwa mzazi mwenye tatizo hili anaweza kumrithisha kila mtoto, uwezekano nusu kwa nusu, Jumamosi ukoo mzima tunaenda maabara. Baba mdogo mmoja ameshapata safari ya ghafla.