Mikono ya sare na ncha za mtandio: mavazi ya mwanafunzi wa uuguzi wodini

Sare iliyoshonwa vibaya haichelewi kujionesha. Siku ya kwanza wodini, iwe hospitali ya Mnazi Mmoja Unguja au Abdulla Mzee kule Mkoani, Pemba, mwanafunzi anainama kumpima mgonjwa presha, ncha ya mtandio inatangulia kifuani kwa mgonjwa na mkono wa sare unaburura shuka. Msimamizi akimkaripia, anadhani kosa lake ni kukosa unadhifu. Unadhifu unakuja baadaye. Kinachoogopwa hapo ni vijidudu, na mwenye kuvilipia ni mgonjwa mwenye kidonda.

Tuanze na mikono ya sare, maana ndiyo inayoleta mabishano. Kunawa kwa maji na sabuni kunataka sekunde 40 hadi 60, kwa kitakasa chenye spiriti sekunde 20 hadi 30, na kunahusisha vifundo vya mikono, si viganja tu. Mwenye mkono mrefu uliobana kwenye kifundo hanawi, analowesha nguo. Kitambaa kilicholoa kinahamisha vijidudu kitanda kwa kitanda hata kama viganja vimetakata. Ndiyo maana Uingereza ilitangaza mwaka 2007 kwamba wahudumu wa hospitali zake za umma wawe mikono wazi kuanzia viwiko kwenda chini. Waislamu wa huko wakauliza swali lile lile linaloulizwa hapa kwetu, kwamba anayesitiri mikono yake afanyeje, na mwongozo wa mwaka 2010 ukaruhusu mikono ya kuvaa na kutupa, yenye lastiki kiwikoni na kifundoni, inayobadilishwa kama zinavyobadilishwa glavu.

Mikono ya kutupa si kitu cha kukitegemea kila siku, kwa hiyo dawa iko kwa fundi cherehani. Mwambie mkono uwe mpana kiasi cha kupanda juu ya kiwiko bila kulazimishwa, mwisho wake usitiwe lastiki, na ndani ashone ukanda mfupi wenye tundu utakaoshikwa na kifungo cha nje, juu kidogo ya kiwiko. Anayetawadha mara tano kwa siku hahitaji kufundishwa kupandisha mikono. Tofauti ni kwamba wodini lazima ibaki juu. Usiofungwa unateremka katikati ya kazi, na utaupandisha kwa glavu chafu.

Njia nyengine ni sare ya mikono mifupi pamoja na soksi za mikono. Unazivaa njiani na ukiwa mezani unaandika, unazivua kabla ya kumgusa mgonjwa. Uwe na jozi kadhaa na uzifue kila siku, la sivyo umekimbia tatizo ukalikuta mbele.

Ukiwa bado kwa fundi, ijaribu sare kabla hujalipa. Chuchumaa, inua mkono kama unayetundika dripu, inama kama unayemgeuza mgonjwa. Ikikaza mgongoni au ikipanda, ilegezwe hapo hapo. Kitambaa cheupe kitazame kwenye mwanga huku kiganja chako kikiwa chini yake. Ukiviona vidole, kitaonesha na vya ndani. Nguo ya ndani ya rangi ya ngozi yako huonekana kidogo kuliko nyeupe, ingawa wengi hudhani kinyume chake.

Mtandio wa wodini uwe mfupi au wa kushonwa, unaovaliwa kichwani bila pini, na ncha zake ziingie ndani ya shingo ya sare. Pini ya kichwa ikidondoka kwenye shuka za mtoto mchanga, hutaiona mpaka imchome. Na kwa unyevu wetu pini huota kutu na kuacha madoa. Jambo ambalo husahauliwa sana ni barakoa: kwenye wodi ya kifua kikuu, ile ya N95, inayochuja hewa unayovuta, lazima iguse ngozi pande zote. Mtandio uliovutwa hadi kidevuni ukipita chini ya ukingo wake, hewa inapenya na barakoa inakuwa pambo. Kwa wanaume ndevu zinafanya vivyo hivyo. Mwenye kufuga ndevu azungumze na mkufunzi mapema kabla hajapangiwa wodi hiyo, wala asingoje siku ya zamu.

Kucha zisizidi nusu sentimita. Ndefu huficha uchafu na hutoboa glavu. Za kubandika haziingii wodini kabisa. Rangi ya kucha kwa wengi hapa si tatizo kwa sababu ya udhu, lakini hina ipo. Hina ya kawaida iliyokwisha kukauka na kuoshwa haizuii kunawa. Taabu ni piko, ile rangi nyeusi ya kuchora maua, hasa baada ya Sikukuu na harusi. Piko nyingi zina PPD, kemikali ya rangi za nywele, na baadhi ya ngozi huitikia kwa malengelenge siku kadhaa baadaye. Mkono wenye malengelenge ni mlango wazi: vijidudu vinaingia kwako na vinatoka kwako kwenda kwa mgonjwa. Utaondolewa kwenye kazi ya kugusa wagonjwa mpaka upone, na siku hizo za mafunzo utakuja kuzilipa.

Sare usiifukize udi. Kwenye chetezo pawe na nguo za nyumbani tu, maana harufu kali humbana mwenye pumu na humtapisha mjamzito. Asumini za kichwani nazo zibaki nyumbani.

Viatu viwe vya kufunika mguu wote, vya kufutika, soli isiyoteleza. Raba za kitambaa hunywa damu, na sindano ikidondoka hazizuii kitu. Saa ya mkononi na bangili zivuliwe. Nunua saa ya kubandika kifuani yenye mshale wa sekunde, kwani pumzi huhesabiwa dakika nzima. Beji ibandikwe kifuani isining'inie kwa kamba, na iseme wazi kwamba wewe ni mwanafunzi. Mgonjwa ana haki ya kujua hilo.

Kufua kunataka seti tatu, hasa Masika, sare inapokaa kambani siku mbili na kuanza kunuka uvundo. Badilisha nguo hospitalini, usipande daladala na sare ya zamu. Itie kwenye mfuko wa kitambaa utakaofuliwa nayo. Damu itoe kwanza kwa maji baridi, maana ya moto huigandisha. Ikishatoka, fua kwa sabuni, kisha roweka sare nyeupe dakika 30 kwenye maji yenye Jik ya asilimia 3.5: kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja. Ukiitia Jik kabla damu haijatoka, damu inaimaliza nguvu. Suuza sana, anika juani, piga pasi ya moto. Doa la kutu likikushinda, ndimu inasaidia, lakini isikutane na Jik katika ndoo moja: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu.