Kutoka Milimani Hadi Nyalenda kwa Miguu

Safari ya basi usiku kucha kutoka Mombasa siisimulii. Nauli ilipanda kwa sababu ya sikukuu na kiti kiligoma kulala, basi. Kilichonikaa moyoni ni asubuhi moja ya Kisumu, mvua ikiwa imetoka kunyesha.

Katikati ya mji nilitembea kwa raha. Mji ulipojiandaa kwa Africities, mkutano wa miji ya Afrika, wa Mei 2022, barabara kadhaa ziliwekewa njia pana za wapita kwa miguu, na barabara ya Oginga Odinga unaitembea bila kukimbizwa na gari. Milimani ni miti na vivuli. Ila niliopishana nao huko ni mayaya, mabawabu na wakata nyasi. Wenye nyumba wanapita garini.

Nikavuka Ring Road kuingia Nyalenda. Hapo ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ukilowa unavuta mguu. Ndala yangu ilinasa, ukanda ukakatika. Mwenye boda akaitisha shilingi mia kwa kipande ambacho jana yake nililipa hamsini.

Akatokea mama mmoja akija upande wa barabara, peku, sketi ameipandisha magotini, kapu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vua na hiyo nyingine, mwanangu, utaanguka."

Nikavua, nikamfuata hadi penye lami. Kijana alikuwa amekaa pale na mtungi wa maji: kuosha miguu, shilingi kumi. Mama akalipa, akaosha hadi katikati ya vidole, akajifuta kwa leso, ndipo akatoa viatu kapuni. Anafua nguo Milimani kwa malipo ya siku. "Nikienda na tope, bawabu hanifungulii." Kuanzia Machi hadi Mei, kumi hiyo inamtoka karibu kila asubuhi. Anayelala kitandani hadi saa mbili akapanda gari lake amejengewa kivuli. Anayetembea kila siku analipia tope.

Na hali hii ilipangwa. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, mji ulikatwa mafungu: Wazungu mwinukoni, Wahindi madukani, Waafrika nje ya mpaka. Nyalenda na Manyatta ziliota huko nje, zikaja kuingizwa mjini baada ya uhuru bila mitaro wala barabara za maana. Kuingizwa kwenye ramani hakukaushi njia ya mtu!

Nikawaza kwetu Mombasa. Mji wa Kale una vichochoro vilivyojengwa kwa kipimo cha mtu, tajiri na hamali wanapishana bega kwa bega na kuamkiana. Lakini ng'ambo ya daraja, anayetoka Kisauni kwenda kufanya kazi Nyali, mtaa wa matajiri, anatembea ukingoni mwa magari. Dada yangu ni mmoja wao. Nilimpigia simu nikiwa bado peku pale Ring Road, nikamwuliza viatu vyake vya kazi huvivalia wapi.

"Kibandani kwa bawabu," akasema. "Kwani wewe hukujua?"