Siku moja maabara ya leza: kutunza mpigo wa femtosekunde 30 kwenye joto la Dar

Saa 12:30 asubuhi. Femtosekunde ni sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde. Kabla ya kugusa leza, soma kipimo cha unyevu. Hewa ya Dar mwezi Machi huacha umande kwenye chochote chenye nyuzi joto 24 hivi au chini, na maji yanayopoza kristali inayozaa mwanga wa leza yetu ni nyuzi 18. Kiyoyozi kikizimika usiku na pampu ikaendelea kusukuma maji, kristali inatoka jasho kama chupa ya soda baridi mezani Kariakoo. Ukiipiga mwale hivyo, imeungua, na doa halitoki. Kiyoyozi kwanza, unyevu ushuke chini ya asilimia 50, ndipo maji.

Saa 2. Miwani usoni, pete na saa mfukoni kwa sababu hurudisha mwale machoni. Leza ya kijani, nanomita 532, wati 5, inaingia kwenye kristali hiyo, yakuti iliyotiwa titani. Iache ipate joto saa nzima.

Saa 3. Sukuma kidogo kibao chenye prizimu, haraka, kisha achia. Kwenye spektromita, kifaa kinachoonyesha rangi zilizomo kwenye mwanga, msumari mwembamba uliosimama kwenye nanomita 800 unafumuka kuwa kilima chenye upana wa nanomita 35. Hapo ndipo pazuri kuliko pote! Mwanga mkali unaifanya kristali yenyewe iwe lenzi, na njia ya mwanga ndani ya leza inaupendelea mpigo mfupi tu. Bila upana wa nanomita 31 au zaidi, femtosekunde 30 hazipatikani. Msumari ukibaki juu ya kilima, punguza nguvu ya kijani.

Saa 5. Kukuza. Mpigo mfupi ukikuzwa ulivyo hupasua kristali, hivyo tunaunyoosha hadi pikosekunde 200 (femtosekunde 200,000), tunaukuza hadi milijuli 1, kisha tunaukaza tena. Ndiyo njia ya Donna Strickland na Gérard Mourou ya 1985, iliyowapa Nobeli 2018.

Saa 8 mchana. Kupima. Hakuna kifaa cha umeme chenye kasi hiyo, kwa hiyo mpigo unajipima wenyewe: mwale unagawanywa, nusu moja inarudishwa na kioo cha kujitazamia kinachosogezwa, na zote zinakutana ndani ya kristali ya BBO (bariamu borati) yenye unene wa milimita 0.1. Mwale wa bluu wa katikati hutokea pale tu mipigo inapofika pamoja. Kioo kikisogea maikromita 15, mwanga unachelewa femtosekunde 100.

Tulitarajia femtosekunde 42 (30 mara 1.41, kwa kuwa kipimo hiki huonyesha mpigo ukiwa mrefu kiasi hicho), tunasoma 63. Chanzo kimeonekana: dirisha la silika la milimita 10 limeachwa njiani, nalo peke yake hunyoosha 30 kuwa 45, yaani 63 kwenye kipimo. Litoe, likilazimika kubaki, rekebisha umbali wa mabamba yenye mistari myembamba kwenye kikazio (kifaa kinachoukaza mpigo), kidogo kidogo, ukitazama namba ikishuka.

Saa 11 jioni. Leza ya kijani inazimwa, kisha maji, kiyoyozi mwisho. BBO hunywa unyevu hadi uso wake ukawa kama maziwa. Inalala kwenye kopo lenye chembe za silika za kunyonya unyevu, kifuniko kimezungushiwa tepu.