Kabla ya kuitisha mgomo, pigeni hesabu

Matawi mengi ya vyama vya wafanyakazi huanzia mwisho: mgomo unatangazwa kwanza, hoja zinatafutwa baadaye. Kwa sekta binafsi Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka kinyume chake, na kwa maoni yangu sheria hiyo inamlinda mfanyakazi kuliko wengi wanavyodhani.

Mwanzo ni idadi. Chama chenye wanachama zaidi ya nusu katika kundi la wafanyakazi linalohusika kina haki ya kutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano. Kinampa mwajiri notisi, naye anapaswa kukutana nacho ndani ya siku 30. Wasipoafikiana, suala linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Linganisheni orodha yenu na orodha ya mishahara kabla ya kupeleka notisi. Majina ya walioacha kazi yakibaki humo, mwajiri ndiye atakayeyaona, na uaminifu wenu utapotea siku ya kwanza.

Mkishatambuliwa, mna haki ya kudai taarifa zinazohusika na majadiliano. Zidaini kwa maandishi, kisha kaeni na kalamu. Tuchukue mfano wa kiwanda chenye wafanyakazi 240, kila mmoja analipwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Nyongeza ya asilimia 12 ni shilingi 11,520,000 kila mwezi. Ongezeni mchango wa mwajiri kwa mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF), kwa kawaida asilimia 10, inakuwa 12,672,000. Kwa mwaka ni 152,064,000. Mjumbe asiyeijua namba hii hana la kujibu anapoambiwa kampuni haina uwezo.

Sasa pigeni hesabu ya upande wenu. Mwajiri amefika asilimia 8, ninyi mnashikilia 12. Kinachogombaniwa ni asilimia 4 tu, yaani shilingi 16,000 kwa mtu kwa mwezi. Mgomo halali hauvunji ajira, lakini mwajiri halazimiki kulipa siku ambazo hamkufanya kazi. Siku 10 za mgomo katika mwezi wa siku 26 za kazi zinamgharimu kila mmoja takriban shilingi 153,800. Hata mkishinda yote, itachukua karibu miezi 10 kuirudisha fedha hiyo. Huenda bado inafaa, maana nyongeza hubaki miaka yote. Ila wanachama waelezwe hesabu hiyo kabla ya kupiga kura, siyo baada ya mshahara kukatwa. Kuwaficha ni kuwasaliti.

Mkiamua kugoma, utaratibu haurukwi. Mgogoro uwe wa maslahi, yaani wa kudai masharti mapya kama nyongeza ya mshahara, na uwe umepelekwa CMA. Siku 30 za usuluhishi zipite bila muafaka. Kura ipigwe kwa mujibu wa katiba ya chama na wengi wa waliopiga wakubali. Kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Ukiruka hatua moja, Mahakama ya Kazi inaweza kuusimamisha mgomo na ulinzi wenu wa kisheria unaondoka.

Mwenzenu akifukuzwa kazi, msigome. Hayo ni malalamiko, yanapelekwa CMA ndani ya siku 30, na tarehe hiyo haisubiri mikutano. Wala hamruhusiwi kugomea jambo ambalo mkataba uliopo kati ya chama na mwajiri tayari umelishughulikia. Huduma za maji, umeme na afya zimo katika huduma muhimu, ambako mgomo umewekewa mipaka mikali. Wakati wa mgomo, kumfungia mwajiri ndani au kumzuia asiingie ni marufuku, na mwajiri naye haruhusiwi kuleta watu wa kushika nafasi zenu.

Muafaka ukipatikana, mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja ya chama na mwajiri, uandikwe na kusainiwa, na nakala ipelekwe kwa Kamishna wa Kazi. Unawafunga hata wasio wanachama katika kundi hilo, hivyo wasomeeni nao. Andikeni ndani yake mwezi wa kuanza majadiliano yajayo, utangulie kufungwa kwa bajeti ya kampuni.