Tusome jina kwanza, ndio tukate

Duka letu la leso, yaani kanga, liko Biashara Street hapa Mombasa, babu ndiye alifungua, babangu akashika, na sasa mwaka wa saba niko nalo mimi. Kuna wakongwe kuliko sisi, mtaa huu huu wako Kaderdina Hajee Essak, wale wa chapa ya Mali ya Abdulla, tangu 1887, lakini hata kwetu kuna wateja ambao nyanya zao walinunua leso za harusi kwa babu.

Babu alikuwa na sharti moja, doti, yaani leso mbili pacha, haikatwi mpaka mnunuzi asomewe jina, yaani yale maneno yaliyo chini ya mji, ile sehemu ya katikati, karibu na pindo. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naona anachelewesha watu bure, mtu ashachagua rangi, pesa iko mkononi, mzee bado atafuta miwani. Wengine hawakujua kusoma sawa, lakini hata mwalimu alisomewa.

Mwaka wangu wa kwanza, siku mbili kabla ya Idi, duka limejaa mpaka barazani, akaja kijana ataka leso ya mama mkwe, akapenda moja ya samawati, kwa haraka nikampa, fundi wa cherehani hapo nje akakata akapinda, huyo kaenda zake. Jina lilikuwa HASIDI HANA SABABU. Baada ya Idi akarudi, wala hakunigombeza, aliuliza tu kama naweza kuichukua kwa sababu mama mkwe kamrudishia na hasemi naye. Nikampa nyingine, WEMA HAUOZI, sikutaka pesa, nikamwomba anipeleke kwa yule mama nikamwambie kosa ni langu. Mama wa watu alinikaribisha chai vizuri kabisa, alafu akaniambia, mwanangu, babuyo hangeiuza ile bila kuisoma. Sikulala usiku ule.

Basi sasa nasoma, kuwe na foleni kusiwe na foleni. Hata WhatsApp, picha napiga jina lionekane lote na bado naliandika chini, na mtu akisema dada tuma tu ile nyekundu, namuuliza kwanza yaenda kwa nani. Napumzika kwenye kisutu cha bi harusi tu, maana mara nyingi hakina maneno.

Kingine ni poliesta. Leso zaja zang'aa sana, bei chini, na kuna watu waziuza kwa jina la pamba, hili laniuma kweli kwa sababu leso ndio unambebea mtoto mgongoni na joto hili la Mombasa, isiyonywa jasho yamuumiza. Mteja akiwa na shaka nachomoa uzi nauchoma mbele yake, wa pamba wanuka karatasi iliyoungua na waacha jivu laini, wa poliesta wayeyuka wawa kidonge kigumu. Anayetaka poliesta namuuzia, lakini kwa jina lake na kwa bei yake. Kiberiti hukaa mezani kando ya makasi.

Alhamisi napokea korija mbili mpya, pamba tupu. Nikishazifungua ntaweka picha hapa, na majina yake yote nitayaandika, moja moja.