Siku ya kumdodosa mtaalamu wa risasi

Saa 11 alfajiri, Njiro, Arusha. Chai ya rangi, jalada mezani. Ni shauri la mauaji, mimi ni wakili wa utetezi, na leo anatoa ushahidi mtaalamu wa silaha. Ripoti yake inasema ganda la risasi lililookotwa eneo la tukio limetoka kwenye bastola iliyokamatwa kwa mteja wangu. Kinachonikosesha usingizi ni barua iliyosindikiza vielelezo hivyo maabara.

Saa 1. Foleni ya Sanawari, kama kawaida.

Saa 3 na nusu, Mahakama Kuu. Shahidi anaeleza vizuri: pini ya bastola hugonga kitako cha ganda na kuacha alama. Akafyatua risasi za majaribio, akaliweka ganda lake na lile la tukio chini ya hadubini linganishi, inayoonyesha vitu viwili kwa pamoja, akaziona alama zikifanana. Simtuhumu kuhongwa. Mawakili wanaokimbilia huko, naona ni uvivu tu.

Saa 5, zamu yangu.

"Shahidi, kabla hujatazama, uliambiwa nini?"

"Barua ilisema ndiyo bastola iliyomuua marehemu."

"Uliletewa bastola ngapi?"

"Moja."

"Mwenzako aliyehakiki, alishaliona jibu lako?"

Kimya kidogo. "Ndiyo. Alisaini chini yangu."

Nikakaa. Swali moja zaidi lingempa nafasi ya kujitetea.

Saa 7 na nusu, makande kwa mama lishe. Wakili mwanafunzi wangu ananibana: "Lakini msomi, alama si zipo pale pale, barua iwepo isiwepo?" Zipo, ila hakuna idadi iliyokubaliwa ya mikwaruzo inayotosha kusema zimefanana, anaamua mtaalamu mwenyewe. Nikamweleza jaribio la mwanasaikolojia Itiel Dror na wenzake la mwaka 2006. Wataalamu 5 wa alama za vidole walipewa alama ambazo kila mmoja wao alishawahi kusema zinafanana, safari hii wakiambiwa ni zile ambazo FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilikosea kusema zinafanana katika uchunguzi wa milipuko ya mabomu ya Madrid. Mmoja tu alibaki na jibu lake. Watatu walisema hazifanani, mmoja akashindwa kuamua. Ni vidole, si risasi, na Wakili wa Serikali atalisema hilo. Lakini jicho ni la binadamu yule yule.

Saa 10, ofisini. Naandika hoja: ganda la tukio lichunguzwe na kuandikiwa maelezo kwanza, kabla bastola haijaguswa, ziletwe silaha kadhaa za aina ile, mhakiki asijue jibu la mwenzake. Maabara haihitaji mashine mpya kwa hayo.

Kesho anapanda mpelelezi aliyeiandika ile barua.