Aliungua saa ngapi?

Ndugu wakimleta mgonjwa aliyeungua vibaya, swali langu la kwanza kwao ni hilo. Wao wanataka kunieleza moto ulivyoanza na nani alimtoa. Nitayasikiliza yote, ila saa ile naihitaji mapema, kwa sababu tiba kubwa ya siku ya kwanza ni maji ya mshipani, na maji hayo huhesabiwa tangu moto ulipomgusa, si tangu alipofika ICU, wodi yetu ya wagonjwa mahututi.

Moto ukila sehemu kubwa ya mwili, mishipa midogo ya damu huanza kuvuja, hata ile iliyo mbali na kidonda. Mgonjwa anavimba uso na mikono huku ndani ya mishipa amekauka. Presha inashuka, figo zinakosa damu. Ndiyo maana mtu huingia akiongea vizuri, usiku akazidiwa.

Hesabu tunayoanzia inaitwa Parkland, jina la hospitali ya Dallas, Marekani, alikofanyia kazi Charles Baxter aliyeibuni na wenzake miaka ya 1960. Ni mililita 4, mara kilo za mgonjwa, mara asilimia ya mwili iliyoungua. Ngozi iliyoiva wekundu tu bila malengelenge haimo. Mtu wa kilo 70 aliyeungua asilimia 40 anapata lita 11.2 za Ringa lakteti, maji ya dripu yenye chumvichumvi, kwa saa 24, nusu yake ndani ya saa 8 za mwanzo. Sasa, kama aliungua saa nane mchana na tumempokea saa kumi na moja jioni bila dripu yoyote, lita 5.6 zimebakiwa na saa tano. Kwa hesabu hiyo ya karatasi ni mililita 1,120 kwa saa, badala ya 700. Mnaona kwa nini nawasumbua na saa?

Lakini karatasi ni ya kuanzia tu. Baada ya hapo anayetuongoza ni mkojo. Kila saa nasoma mfuko wa mkojo: huyu wa kilo 70 nataka atoe kama mililita 35. Ukipungua tunaongeza maji, ukizidi tunapunguza, na kupunguza nakusisitiza sana, maana maji ya ziada hujaa mapafuni na kulikaza tumbo. Muuguzi anayeendelea kufungulia dripu ilhali mfuko umefurika anamdhuru mgonjwa, hata kama anafuata hesabu.

Njia ya hewa ndiyo isiyosubiri hata maji. Aliyefungiwa na moshi, ana masizi puani na sauti imekwaruza, daktari wa usingizi anaitwa palepale amwekee mpira wa kupumulia. Koo litaendelea kuvimba kwa saa kadhaa, na baadaye mpira hautapita. Ndugu hukasirika: alikuwa anaongea, mbona mmemlaza usingizi? Siwalaumu. Nakaa nao niwaeleze, hata mara tatu. Na kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kisimtulize mtu, kwani hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksidi ya moshi.

Mkono ulioungua kuzunguka pande zote naukagua vidole kila mara: vina joto, damu inarudi nikibonyeza? Ngozi iliyokufa hainyumbuki, hubana kama mkanda wakati nyama inavimba chini yake. Ikibana mno, daktari wa upasuaji huipasua kwa urefu ili damu ipite.

Chumba chake tunakipasha joto hadi nyuzi 28 au zaidi, sisi tukilowa jasho ndani ya magauni ya kujikinga, kwa kuwa mwili usio na ngozi hauwezi kujihifadhia joto. Chakula kinaanza mapema kwa mpira wa puani, na kingi, maana mwili ulioungua hujila wenyewe.

Halafu maumivu. Kubadilisha bandeji kunauma kuliko watu wanavyodhani, na aliye kwenye mashine hawezi kusema. Kwa hiyo dawa ya maumivu, morfini au ketamini, naitoa kwanza, kisha nasubiri ishike ndipo niguse gauzi. Nikiambiwa tumechelewa, bado nasubiri.